Ray Lema: fundi wa piyano aliyerudi shule kwa wazee wa kijiji

Kwa ufupi
Jina kamili: Raymond Lema a'nsi Nzinga
Kuzaliwa: 30 Machi 1946, Lufu-Toto, Bas-Congo (leo Kongo Central)
Kazi: mpiga piyano na gitaa, mwimbaji, mtunzi wa muziki wa diski, wa jukwaa na wa filamu
Makao: Ufaransa, tangu mwanzo wa miaka ya 1980

Ku Kisangani hakuna jioni bila muziki. Panda toleka toka Makiso mpaka Mangobo, kila nganda utakayopita iko na wimbo wake: hapa Franco, pale Tabu Ley, mbele kidogo Werrason au Fally Ipupa. Lakini unaweza kuzunguka komini zote sita usiku mzima bila kusikia hata mara moja piyano ya Ray Lema.

Na huyu si mwanamuziki mdogo. Amepiga na Wabulgaria, Wamoroko, Wabrazili na Waswidi, ametunga kwa orkesta kubwa za vinanda vya nyuzi, na muziki wake umeingia ndani ya filamu. Wataalamu wa muziki Ulaya wanamhesabu kati ya Waafrika waliothubutu kujaribu mambo ambayo hayajawahi kujaribiwa.

Pengine utauliza: mtu wa Bas-Congo, anayeishi Paris, anatuhusu nini sisi watu wa Tshopo, Ituri, Kivu au Maniema? Anatuhusu sana. Yote aliyoyapeleka duniani aliyaokota kwa wazee wa vijiji vya nchi hii, na wazee wa namna hiyo bado tuko nao huku kwetu, wengine nyumba ya tatu tu toka kwako.

Mtoto wa stesheni

Mama yake alikuwa safarini wakati uchungu ulipomshika, na mtoto akazaliwa palepale stesheni ya treni ya Lufu-Toto. Watu wengi waliomwandikia wameipenda hadithi hii, juu mtoto aliyezaliwa njiani kwa kweli amepitisha maisha yake njiani.

Alipokuwa bado mdogo aliingia seminari, akitaka kuwa padri. Wamisionari wakaona haraka kwamba ana sikio, wakamkalisha mbele ya kinanda cha kanisa. Huko akajifunza nyimbo za Kigregori, Bach na Mozart. Mara yake ya kwanza kupiga mbele ya watu wengi, alipiga sonata ya Beethoven inayojulikana kama ya mwanga wa mwezi. Fikiria sasa: Kongo ya miaka ile, na kijana mweusi anapiga Beethoven mbele ya watu.

Mnamo 1962 aliacha seminari. Akaandikishwa univesite ya Lovanium, ku Léopoldville, kusoma kemia. Kemia haikumshika. Usiku wa mji ndio uliomshika. Kwenye madisko alikutana na roki ya Waingereza na Wamarekani, na gitaa la Jimi Hendrix, akashika gitaa naye. Kidogo kidogo akawa mwanamuziki wa kazi, akipiga nyuma ya waimbaji wakubwa wa wakati ule, Tabu Ley na Abeti Masikini.

Jina la mwisho tulisimamie kidogo, maana ni la nyumbani. Mama Abeti alizaliwa hapa hapa, Stanleyville, mwaka 1954. Baba yake, Jean-Pierre Finant, mwenzake Lumumba, alikuwa prezida wa kwanza wa Province Orientale, akauawa Bakwanga mwaka 1961. Binti yake alikwenda mpaka kuimba jukwaani Olympia, Paris, mwaka 1973. Basi kabla Ray Lema hajajulikana na mtu, vidole vyake vilikuwa vinasindikiza sauti ya mtoto wa Boyoma.

1974: shule ya kweli

Ilikuwa miaka ya Authenticité. Mobutu alikuwa amebadilisha majina ya watu, ya miji na ya nchi yenyewe, na alitaka utamaduni wa Zaïre uonekane. Ikawako Bale ya Taifa, kikundi kikubwa cha wachezaji na wapiga ngoma toka pande zote. Mwaka 1974 Ray Lema akapewa kazi ya kuongoza muziki wake.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi: azunguke nchi, aende mpaka vijijini, atafute wale wanaojua kweli, kisha awalete Kinshasa wapige pamoja. Ni rahisi kusema. Nchi hii iko na makabila zaidi ya 200. Mpiga ngoma wa Equateur hajui mdundo wa Kasaï, mwimbaji wa Bandundu hajui lugha ya mtu wa Kivu. Na juu ya wote hao yuko kijana wa seminari, anayesoma noti kwenye karatasi, ambaye anapaswa kuwaongoza.

Yeye mwenyewe amesema mara nyingi kwamba huko ndiko alikosoma kweli. Alitumwa kama mkubwa wao, kumbe yeye ndiye aliyekuwa mwanafunzi. Wale wazee hawakuwa na karatasi, lakini walikuwa na elimu kamili ya muziki, yenye sheria zake na mafundi wake, na ukikosea wanajua papo hapo.

Alichokigundua anapenda kukieleza kwa mfano wa magurudumu. Kila mpigaji anashika kidundo chake kidogo, kifupi, kinachozunguka na kurudi mwanzo. Ukikisikiliza peke yake, unaweza kusema mtoto naye angekiweza. Lakini gurudumu moja linaingia ndani ya lingine, lile ndani ya la tatu, na kila moja lina ukubwa wake na pahali pake pa kuanzia. Yakizunguka pamoja, unasikia kitu kikubwa ambacho hakuna mtu mmoja anayekipiga.

Kama bado haijaeleweka, nenda nyuma ya nyumba uangalie akina mama watatu wakitwanga sombe kwenye kinu kimoja. Michi mitatu, kinu kimoja, na hakuna mchi unaogonga mwingine. Hakuna anayehesabu kwa sauti. Kila mmoja anajua tundu la wakati lililo lake, anaingia, anatoka. Mmoja akiacha kidogo kufunga kitambaa, wale wawili wanaendelea na pahali pake panabaki wazi mpaka arudi. Ndiyo hesabu ambayo mapadri hawakumfundisha Ray Lema.

Tangu hapo swali lake limekuwa moja: hii elimu, itaweza kukaa pamoja na piyano, na orkesta, na mashine za kisasa, bila kuuawa?

Kuondoka

Mwaka 1979 shirika la Rockefeller Foundation la Marekani lilimwalika huko. Akaenda. Baada ya Marekani akafika Ulaya, akakaa Ufaransa. Diski yake ya mwaka 1983 inaitwa *Kinshasa-Washington D.C.-Paris*, na jina hilo peke yake ni ramani ya safari.

Paris ya miaka ile ilikuwa inafungua mlango kwa muziki wa Afrika. Wazalishaji walitaka kitu cha kuchezesha watu, soukous ya kasi, nguo za rangi. Ray Lema hakukataa dansi, lakini aliingiza mambo mengine: kompyuta za muziki zilizokuwa ndiyo zinaanza, sintesaiza, fanki, sauti za kwaya za kwetu. Ikafuata *Médecine* mwaka 1985, halafu *Nangadeef* mwaka 1989, ambako walikuja akina mama Mahotella Queens wa Afrika Kusini na mpiga saksofoni Mwingereza Courtney Pine. Mwaka 1990 ikatoka *Gaia*.

Wauza diski walipata shida: tumweke rafu gani huyu? Si soukous, si jazi, si roki. Tabu hiyo imemfuata maisha yote, na ni gharama ya kweli. Mtu asiye na rafu anauza kidogo.

Muziki wa filamu: kazi ya kusubiri

Mwaka 1985 Stewart Copeland, mpiga ngoma wa kundi la The Police, alitoa diski na filamu kwa jina *The Rhythmatist*. Ni safari ya Mmarekani anayefuata midundo kupitia Kenya, Tanzania, Burundi na Kongo. Walioiona wanakumbuka pahali ambapo Copeland anapiga ngoma ndani ya kizimba huku simba wamemzunguka. Picha ya kuuzia filamu, tuseme wazi. Lakini kwenye diski yenyewe, sauti inayobeba nyimbo nyingi ni ya Ray Lema. Ukiondoa sauti ile, kinachobaki ni muzungu na simba zake.

Mwaka uliofuata, 1986, ikatoka *Black Mic-Mac* ya Thomas Gilou. Ni filamu ya kuchekesha: mkaguzi wa usafi wa mji wa Paris anataka kufunga nyumba wanamoishi Waafrika wengi, na wao wanaamua kumleta mganga toka Afrika awatengenezee jambo. Isaach de Bankolé, mtoto wa Côte d'Ivoire, alipata kupitia filamu hiyo zawadi ya César ya mwigizaji mpya. Muziki ulikuwa wa Ray Lema.

Wengi wanafikiri muziki wa filamu ni wimbo mzuri uliobandikwa juu ya picha. Sivyo. Mtunzi anaangalia picha mara nyingi, saa mkononi. Anaambiwa: toka pale mlango unapofunguka mpaka pale mama anapogeuka, uko na sekunde 40. Ndani ya sekunde hizo muziki lazima useme kile ambacho mwigizaji hasemi, kisha uondoke kabla haujafunika maneno. Pahali pengi dawa yenyewe ni kunyamaza.

Aliyezoea kupiga gitaa la seben dakika nane anateseka na kazi hiyo. Aliyesoma kwa wazee wa Bale ya Taifa ameizoea tayari. Kwani gurudumu ni nini? Ni kidundo kifupi kinachojua lini kuingia na lini kuachia wenzake nafasi. Kinu na michi tena.

Wabulgaria, Wagnawa, orkesta

Miaka ya 1990 ndiyo aliyovuka mipaka zaidi. Mwaka 1992 alitoa diski na kwaya ya akina mama wa Bulgaria iliyoongozwa na Profesa Kiril Stefanov. Wanawake wale wanaimba kwa sauti kali, kifua wazi, na sauti zao zinasuguana kwa makusudi. Msikilizaji wa Kinshasa angesema wanaimba vibaya. Ray Lema alisikia ndugu: watu wa kijiji wenye sheria zao. Mwaka huohuo akapiga na Joachim Kühn, mpiga piyano wa jazi wa Ujerumani.

Mwaka 1998 ikatoka *Le Rêve de la gazelle*, kazi aliyofanya na orkesta ndogo ya Sundsvall, Uswidi. Halafu *Safi*, pamoja na Tyour Gnaoua, mafundi wa Essaouira, Moroko, ambao nyimbo zao za uponyaji zilipelekwa kule na watu waliochukuliwa utumwa kutoka kusini mwa Sahara. Mwaka 2004 alijifungia peke yake na piyano, bila ngoma wala kompyuta, akatoa *Mizila*. Sikiliza mkono wake wa kushoto kwenye diski hiyo. Unazunguka kama likembe. Mwaka 2009 alikuwa São Paulo, Brazili, na orkesta ya Jazz Sinfônica, akisikia muziki wake ukipigwa na watu wengi kuliko wakaaji wa kijiji kidogo.

Na hakusahau nyumbani. *Nzimbu*, ya mwaka 2015, aliimba na Ballou Canta na Fredy Massamba, wote wawili wa ng'ambo ya mto, Kongo-Brazzaville. Mwaka 2020 alitoa *On rentre KO, OK!*, heshima yake kwa Franco. Wale wanaosema Papa Ray ni mtu wa wazungu waanzie hapo.

Juu ya nini hatumsikii?

Tuseme ukweli. Nganda inataka watu wacheze, na muziki wake mwingi ni wa kukaa na kusikiliza. Diski zake zilitoka na kuuzwa Ulaya. Na sisi watu wa redio nasi tuko na sehemu yetu ya kosa: tunapiga kile ambacho tumezoea kuombwa.

Lakini iko sababu ya ndani zaidi. Tumefundishwa kwamba muziki wa kisasa ni gitaa, na ngoma ya kijiji ni "folklore", kitu cha kupokelea waziri ku kiwanja cha ndege. Ray Lema alifundishwa hivyohivyo, na wapadri wema kabisa. Ilibidi aketi mbele ya wazee wasiojua kusoma ndipo aone kwamba alidanganywa.

Na sisi huku, Boyoma?

Hapa Tshopo tuko na shule ambayo Ray Lema angetembea wiki nzima kuifikia. Ngoma ya Walokele, ile ya mti uliochimbwa ndani, ina sauti mbili, ya kiume na ya kike, na kwa sauti hizo mbili mtu aliweza kupasha habari ya kifo au ya mkutano kijiji baada ya kijiji kando ya mto. Aliyeandika vizuri jinsi inavyofanya kazi ni John Carrington, mmisionari Mwingereza aliyekaa Yakusu, karibu na mji wetu. Kitabu chake juu ya ngoma zinazosema kilitoka mwaka 1949. Alieleza kwamba maneno mafupi yanafanana kwenye ngoma, kwa hiyo mpigaji hasemi neno moja. Anapiga kifungu kizima, ili asikilizaye asikosee.

Mwaka 1952 Hugh Tracey alipita huku na mashine yake ya kurekodi, akafika mpaka ukingo wa msitu wa Ituri. Akarekodi Wabudu, Wanande, Wabira na Bambuti. Kanda hizo leo zinatunzwa Makhanda, mji uliokuwa unaitwa Grahamstown, Afrika Kusini. Sauti za babu zetu ziko salama, lakini ziko mbali, na mjukuu wao wa Mambasa au wa Beni hajawahi kuzisikia.

Na mahali ambapo jina halikuandikwa, mali inapotea. Mwaka 1966 ilitoka diski ya Babenzele wa Jamhuri ya Afrika ya Kati, ambako mtu anapuliza filimbi ya noti moja na kujibu kwa sauti yake mwenyewe. Mwaka 1973 Mmarekani Herbie Hancock alitoa *Head Hunters*, moja ya diski za jazi zilizouzwa sana duniani. Wimbo mmoja unaanza na mchezo uleule, mwanamuziki wake akiupuliza ndani ya chupa ya bia. Ulimwengu unaujua mwanzo ule. Jina la aliyepuliza kwanza msituni halimo kwenye jalada.

Iko pia habari njema. Faustin Linyekula, aliyezaliwa Ubundu na kukulia hapa mjini, alirudisha kikundi chake cha Studios Kabako Kisangani. Mwaka 2019 alitengeneza mchezo wa jukwaani juu ya Bale ya Taifa yenyewe, na akawaweka mbele wachezaji wa zamani wa Bale ile, wakiwa wazee, wasimulie kwa miili yao. Na mwaka 2020 mtoto mwingine wa mji huu, Dieudo Hamadi, alitoa *En route pour le milliard*. Filamu hiyo inafuata wahanga wa Vita ya Siku Sita ya Juni 2000, ambao wanateremka mto kwa boti mpaka Kinshasa kudai haki yao. Ilichaguliwa na tamasha la Cannes la mwaka ule. Ndani yake wahanga wenyewe wanacheza tiyatre na kuimba mateso yao. Hakuna mtunzi aliyeitwa toka Paris kutafuta sauti ya uchungu wa Kisangani. Waliopoteza miguu waliimba wenyewe.

Kwa hiyo muziki wa filamu unaweza kutoka hapa. Kinachokosekana ni mtu wa kukaa chini na kusikiliza, sawa alivyofanya Ray Lema mwaka 1974, na leo hahitaji ndege wala mashine kubwa. Uko na telefone mkononi. Kuna mzee karibu nawe anayejua ngoma ya matanga, wimbo wa kuvulia samaki kwenye maporomoko ya Wagenia, au likembe la usiku. Mwombe ruhusa. Rekodi dakika tano. Lakini kabla hajaanza kupiga, mwombe aseme kwa kinywa chake jina lake, kijiji chake, na nani aliyemfundisha.